Uso wa Tadahira

Mwezi wa tano, siku ya 2

Nimeamua kuandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka. Bwana Tomizo, mwenye duka la picha pale karibu na daraja la Ryogoku, amekuja asubuhi na mwavuli unaovuja na sura ya mtu aliyeokota dhahabu. Ametuletea kazi. Si kazi ya pepeo za kujipepea wala karatasi za kufungia keki, ni kazi hasa: picha kumi za samurai waliokufa vibaya. Waliosalitiwa, waliojipasua tumbo kwa ajili ya bwana asiyestahili, waliopoteza nyumba nzima kwa neno moja. Mwalimu Shunrei anachora, Baba anauchonga mchoro kwenye ubao, na Matagoro jirani yetu anapiga chapa kwa ubao huo. Picha ya kwanza iwe dukani kabla ya siku ya 28, siku ya kufungua mto, ambapo mji mzima wa Edo humiminika darajani kutazama fataki.

"Na ya kwanza ni ipi?" Baba aliuliza.

"Ndugu wa Kurobe."

Nilipiga yowe. Baba akanikata jicho. Bwana Tomizo akacheka, akasema, "Jinpachi, binti yako ana damu ya ukumbi wa michezo. Mtafutie mume kabla hajapanda jukwaani."

Mume tena. Niacheni na ubao wangu.

Karatasi hizi amenipa Matagoro, ni zile alizoziharibu rangi. Nyuma ya ukurasa huu kuna nusu ya farasi.

Siku ya 3

Mvua. Nimenoa visu vyote, hata visivyohitaji kunolewa.

Siku ya 5

Sikukuu ya wavulana. Kila paa limechomekwa majani marefu ya mtoni, kila dirisha lina sanamu ya samurai, na bendera za samaki zimelowa mpaka zinaning'inia kama nguo kwenye kamba. Shangazi Otaki alileta keki za mchele na habari za muuza tofu ambaye bado hajaoa. Nikala keki, habari nikaziacha sahanini.

Kisha nikakimbilia kwenye kibanda cha msimulizi. Nimeisikia hadithi ya ndugu wa Kurobe tangu nikiwa mgongoni mwa Mama, na leo nimelia tena kama siijui. Vita vimeigawa nyumba. Tadahira, kaka mkubwa, yuko upande huu wa mto. Wakamaru, mdogo wake, amelelewa na wajomba na yuko upande ule. Waliagana wakiwa wadogo, na Tadahira mwenyewe ndiye aliyemfunga mdogo wake nywele kwa uzi wa zambarau wa mama yao. Miaka inapita. Asubuhi ya ukungu, Tadahira anakutana majini na kijana mwenye deraya nyekundu. Hawaonani nyuso. Wanapigana, kijana anaanguka. Tadahira anamvua kofia ya chuma ili apeleke kichwa kwa bwana wake kama desturi ilivyo, na nywele zinamwagika, na ule uzi wa zambarau upo.

Hapo msimulizi hupiga pepeo lake mezani, paa! Tadahira anaketi ndani ya maji, anakipakata kichwa cha mdogo wake, na maadui wanapofika hainui hata mkono.

Nililia, ndiyo. Lakini Tadahira simpendi, na leo nimelisema kwa sauti mpaka bibi wa jirani akageuka. Mtu gani haujui mkono wa ndugu yake? Mimi ningemjua kwa mwendo tu. Alikuwa na macho, kwa nini hakuyatumia?

Siku ya 6

Mchoro umefika! Karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na pembeni muhuri wa mkaguzi. Hakuna anayeruhusiwa kuchapa picha ya shujaa bila muhuri huo, na kuupata ni kungoja mpaka usahau ulichokuwa unangojea.

Mwalimu Shunrei amewachora wote wawili majini. Wakamaru amelala, kofia imekwisha vuliwa. Tadahira ameinama, mdomo umefunguka, analia kwa nguvu. Niliutazama mpaka Baba akasema nitauchakaza kwa macho.

Kisha tukaugandisha juu ya ubao wa mcheri, mti mgumu, uso chini. Kazi yetu ndivyo ilivyo: mchoro mmoja, ubao mmoja, na kisu kinapomaliza, mchoro umekufa. Maji yakimwagika hayazoleki. Na kuna jambo wanunuzi hawalijui: mchoraji hachori nywele. Huchora ukingo wa kichwa, basi, hapo ndani anaacha peupe. Nywele ni za mchongaji, unywele mmoja mmoja, kutoka kichwani mwake mwenyewe. Kwa hiyo katika kila karakana, vichwa ni vya fundi mkuu. Wengine tunapewa yanayobaki.

Mimi nimeshika kisu tangu meno ya mbele yaliponing'oka. Nimechonga mikono ya nguo, misonobari, mawimbi ya kutosha kuizamisha Edo. Kichwa, hata cha kuku, sijapewa.

Msimu huu nakitaka kichwa cha Wakamaru. Nimeliandika, haliwezi kufutika.

Siku ya 7

Nimemwomba Baba. Amesema, "Chonga maji."

Siku ya 8

Nimechonga maji.

Siku ya 9

Nina hasira mpaka wino unaruka.

Kwa siku kadhaa nimekuwa nikifanya mazoezi kwenye kipande cha ubao mbovu: nywele zilizolowa, zimebandika kwenye paji la uso, nyembamba kiasi kwamba ukipumua vibaya zinakatika. Leo asubuhi nikakiweka kipande hicho kando ya kikombe cha Baba, nikajifanya nafagia. Akakichukua. Akakisogeza dirishani, akakirudisha, akapitisha kidole. Kidole kilikaa pale muda mrefu.

"Nani kachonga?"

"Mimi, Baba."

Akainuka, akakitia motoni chini ya birika. "Nywele za paka," akasema.

Ukuta wetu na wa Matagoro ni karatasi tupu, tena ina tundu. Akapaza sauti kutoka upande wa pili: "We Jinpachi! Kuni zimekwisha mjini mpaka unachemshia chai kipaji cha mwanao?"

"Sugua karatasi zako, mdomo bakuli!"

Matagoro ni mpayukaji na huwa simpendi, lakini leo nilimpelekea figili za chumvi. Baba ananionea wivu. Ndiyo, nimeandika. Baba yangu mzazi ananionea wivu.

Siku ya 10

Mwalimu Shunrei ameondoka na wanafunzi wake kwenda kisiwa cha Enoshima, kumwomba mungu wa kike wa sanaa. Kibuyu cha pombe alichobeba kilikuwa kikubwa kuliko haja zake zote za maombi. Amesema atarudi kuona chapa ya kwanza.

Mimi niko kwenye kamba za deraya. Ni mamia, na kila moja nzuri. Nakizuia kisu kila ninapofika karibu na shingo, kwa sababu hapo ndipo mpaka wangu.

Siku ya 12

Mvua usiku na mchana. Wanasema mto Rokugo umefura na mitumbwi ya kuvusha watu imesimamishwa. Mwalimu yuko ng'ambo na kibuyu chake. Baba ameanza uso wa Tadahira. Anapaka mafuta ya ufuta kwenye karatasi ili mistari ionekane, anapaka tena, na tena.

Siku ya 13

Sijui nianzie wapi. Nianze na kimya.

Kisu cha Baba kina sauti yake, na nimeisikia maisha yangu yote, kama wengine wanavyomsikia mtu akikoroma chumba cha pili. Mchana huu ikakatika. Nilidhani anabadilisha kisu. Nikanoa visu viwili zaidi. Bado kimya. Nikainua macho.

Baba alikuwa ameketi wima, kisu mkononi, anautazama ule mkono. Hakulia. Hakupiga kelele. Mdomo ulikuwa umefumba lakini taya limelegea kidogo, nyusi zimepanda kama mtu aliyeulizwa swali jepesi akakosa jibu. Aliutazama mkono wake kana kwamba mtu mwingine ameuacha pale mapajani mwake.

"Riku," akasema. "Hebu njoo uangalie. Mimi sioni."

Nikaenda. Ubavu wa mstari ndio unaokatwa, ili mstari wenyewe ubaki umesimama uchukue wino. Hata mtoto wa mchongaji anajua. Baba alikuwa ameukata mstari. Pua, shavu, ukingo wa mdomo wa Tadahira, vyote vimeondoka. Palikuwa na shimo safi, limekatwa vizuri sana, mahali pasipotakiwa.

"Kidogo tu, Baba," nikasema. Nilisema uongo.

"Usinidanganye. Nimegusa." Akaweka kisu chini taratibu. "Tangu mwaka jana naona ukungu. Nachonga kwa vidole. Nguo na miti, vidole vinatosha. Nikadhani na uso vitatosha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Vichwa vikitoka mkononi mwangu, mimi ni nani humu ndani? Mzee anayekula wali tu." Kisha akasema, bila kunitazama: "Zile nywele zako sikuziona. Nilizigusa. Niliposhika nikajua sijawahi kuchonga hivyo, hata nilipokuwa na macho. Nikaogopa, nikazichoma. Nisamehe, mwanangu."

Mimi niliyeandika yale ya siku ya 9! Nilitaka kulia, nikajikaza kisabuni.

Matagoro hakujisumbua hata kupiga hodi. Aliingia na mikono yake ya buluu, akautazama ubao, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa la kusema. Kisha likaja.

"Semeni panya."

"Panya gani anakula mcheri?" nikamwambia.

"Panya wa Edo. Wanakula chochote."

Baba akacheka, jamani. Alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akasema atakwenda kumwambia Bwana Tomizo ukweli. Nikamzuia mlangoni. Tomizo ataipeleka kazi karakana nyingine, picha zote kumi, na kuanzia siku hiyo jina la Jinpachi litakuwa jina la mzee aliyemkata Tadahira pua. Mwalimu yuko ng'ambo ya mto. Mchoro mpya utahitaji muhuri mpya, na fataki hazimngoji mkaguzi.

"Tutatia kiraka," nikasema.

"Kiraka cha mti, sawa. Na uso? Uso utautoa wapi?"

Nikachukua patasi, nikaanza kulisafisha lile shimo.

Siku ya 14

Asubuhi Matagoro amekuja na ubao wa zamani wa picha ya mwigizaji aliyekwisha kufa, ambaye hakuna anayemnunua tena. "Huu umekauka tangu ujana wangu," akasema. "Ukitia mti mbichi kwenye unyevu huu utavimba, na Tadahira atatoka na jipu." Akashika nyundo mwenyewe kunisaidia kukigonga kiraka. Kimekaa sawasawa, ukucha haupiti. Namwomba radhi Matagoro kwa yote niliyoyaandika juu yake, isipokuwa mdomo bakuli.

Siku ya 15

Uso mweupe. Nimekaa mbele yake na brashi tangu chai ya asubuhi.

Nilidhani nitaukumbuka mchoro wa Mwalimu. Niliutazama vya kutosha! Lakini kila nikifumba macho, yule Tadahira anayelia kwa nguvu haji. Anakuja Baba. Taya lililolegea, nyusi zilizopanda, macho yaliyo juu ya mkono wake mwenyewe.

Na hapo ndipo nilipoelewa, nikasimama mpaka nikamwaga wino. Alikuwa na macho, kwa nini hakuyatumia? Ndivyo nilivyosema kibandani, kwa sauti, mbele za watu. Kulikuwa na ukungu! Hadithi yenyewe inasema ukungu. Mtu ameharibu kwa mkono wake kitu alichokipenda kuliko vyote, na hakujua mpaka kofia ilipovuliwa. Mtu huyo hapigi kelele. Kelele ni za baadaye.

Je, ni haki kumchukua Baba nikamtia majini mbele ya Edo nzima? Alikuwa ameketi hapo hapo, ananoa visu vyangu kwa kugusa, anaimba chini chini wimbo wa wachota maji. Nikachovya brashi.

Siku ya 16

Nimemchonga. Nimemchonga! Mstari wa pua kwa pumzi moja. Taya kwa pumzi ya pili. Mvua ilikuwa inapiga paa na mimi sikuisikia. Kisha nikavuka mpaka wangu wa shingoni, nikaingia kwenye nywele za Wakamaru, zimelowa, zimebandika kwenye paji, moja imeingia mdomoni, na uzi wa zambarau umelegea. Hakuna aliyenipa ruhusa na hakuna aliyenizuia. Baba alinipa visu kimoja kimoja, kila kimoja kabla sijakiomba. Alijua kwa sauti nimefika wapi.

Siku ya 17

Nimeamka nikicheka peke yangu. Ni furaha. Nimekula bakuli mbili za samaki wa kuchoma na bado nina njaa.

Siku ya 18

Mvua imekatika, mto umeshuka, na Mwalimu Shunrei ametokea mlangoni na matope mpaka magotini. Bwana Tomizo nyuma yake. Matagoro alikuwa ndiyo kwanza amebandua chapa ya kwanza, nyeusi tupu, ingali mbichi.

Mwalimu akaishika.

"Huyu sikumchora mimi," akasema.

Bwana Tomizo akageuka rangi. "Nini? Jinpachi, ana maana gani?"

Baba akafungua mdomo, nikamtangulia. "Uso uliharibika, Mwalimu. Mto ulikuwa umefungwa. Nimeuchonga mimi, na nywele pia ni mimi."

"Mwanamke?" Bwana Tomizo akasema. "Picha yangu ya kwanza, kichwa kachonga mwanamke?"

"Tomizo, nyamaza kidogo," Mwalimu akasema. Alikuwa bado anatazama. "Wangu alikuwa analia. Nilimchora vile nikiwa nimelewa, na nikaona ni kazi kubwa. Huyu halii." Akaisogeza chapa mbali, akaisogeza karibu. "Huyu hajaanza hata kulia. Ndiyo kwanza ameona. We binti, huyu umemtoa wapi?"

Sikuthubutu kumtazama Baba. "Nilimwona tu, Mwalimu," nikasema.

"Mkaguzi je?" Bwana Tomizo hakukata tamaa.

"Mkaguzi aliuona mdomo wazi, sasa umefumba. Umewahi kusikia mtu akafungwa kwa kufumba mdomo?"

Matagoro akaangua kicheko kule nyuma, na nilijua tumepona. Bwana Tomizo alizunguka chumba mara kadhaa, akaitazama tena chapa, na nikaona anajifuta jicho kwa mkono wa nguo akijifanya ni jasho. "Rangi," akasema. "Haraka. Na muweke jina la mchongaji kwenye kile kisanduku, watu wasidhani tumeiba."

Kile kisanduku kilichoko pembeni mwa ubao bado kiko kitupu. Hujazwa mwisho, na aliyechonga kichwa ndiye hutia jina.

Siku ya 19

Nilikuwa nimekaa kulichonga jina la Baba. Ndivyo nilivyokusudia: Jinpachi, kama siku zote. Akaniambia nimpe ubao.

Akauweka mapajani. Akapitisha vidole kwenye maji yangu, akapanda kwenye deraya, akafika kwenye nywele, hapo akatabasamu. Kisha akafika kwenye uso wa Tadahira. Alianza na nyusi. Akashuka puani, kwenye taya, akarudi kwenye nyusi. Kisha akainua mkono mwingine, akagusa nyusi zake mwenyewe.

Sijawahi kuogopa hivyo.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ndivyo nilivyokuwa, siku ile?"

"Ndivyo, Baba."

Vidole vyake vilibaki juu ya uso. Nje muuza tofu alikuwa anapita na tarumbeta yake, na nilimchukia kwa kuwa hai wakati ule.

"Nilidhani nilionekana mjinga," Baba akasema mwishowe. "Kumbe nilionekana mtu. Nipe kisu kidogo."

"Baba, kile kisanduku ni chembamba sana."

"Nipe kisu, Riku."

Nikampa. Aliinama mpaka pua ikakaribia mti, akachonga jina langu. Riku, alama mbili tu, kinyumenyume kama inavyotakiwa ili karatasini lisomeke sawa. Ya kwanza imelala upande, ya pili imetoka nje ya mpaka. Hata mwanafunzi wa juzi angepigwa kwa jina kama lile. Nililia mpaka nikauloweka ubao, na Baba akanifokea kwamba mti utavimba.

Siku ya 22

Mbao za rangi. Zambarau imetoka vizuri.

Siku ya 25

Matagoro amechapa mpaka kiganja kimechubuka, na bado anaimba. Shangazi Otaki ameiona picha, amelia, na kwa mara ya kwanza hakumtaja muuza tofu.

Siku ya 28

Mto umefunguliwa! Ninaandika bado nimesimama, masikio yananivuma kwa kelele.

Tulifika darajani jua likizama. Watu kama siafu, mashua zina taa, watoto wako mabegani mwa baba zao. Picha yetu ilitundikwa mbele kabisa ya duka la Bwana Tomizo, na watu walikuwa wanasukumana. Nilimwona mbeba mizigo mmoja, jitu lenye mchoro wa joka mgongoni, ameishika kwa vidole viwili kama yai, machozi yanamtoka. "Mdogo wangu yuko Osaka," alikuwa anamwambia kila mtu. "Kesho naenda Osaka."

Baba alisimama kando yangu, mkono wake begani kwangu. Hakuona picha, hakuona watu. Alikuwa anasikiliza, kama anavyosikiliza kisu.

Kijana mmoja mjuaji, kilemba kipya kichwani, akainama karibu na karatasi. "Picha tamu," akamwambia mwenzake, "lakini tazama jina la mchongaji hapa. Limepinda! Mtu anachonga nywele kama hizi, halafu anashindwa na alama mbili?"

Nilifungua mdomo nimpe ya kwake. Baba akanibana bega.

"Bwana mdogo," akamwita, na akasimama wima kabisa, "kichwa ni cha binti yangu, huyu hapa. Hilo jina lililopinda ndiyo kazi ya mkono wangu."

Kijana akanitazama, akaitazama picha, akavua kilemba. Fataki ya kwanza ikapasuka juu ya mto, Baba akauliza ni ya rangi gani, nami nikamwambia.